Jeni ya Pande Mbili

Shoga, nimejifungia kwenye choo cha hospitali.

Majibu ya binti yangu yametoka. Ile homa ya uti wa mgongo, mara tatu ndani ya miaka miwili, na mama mkwe akiniita mchafu mbele ya mawifi? Si uchafu! Mwilini mwake hamna protini moja ya kinga, ile inayotoboa vijidudu vife. Jeni inayoitengeneza ina kasoro.

Mume wangu akadakia: "Kaitoa kwa mama yake, sivyo?"

Daktari akamtazama. "Kwenu wote wawili. Nakala mbovu moja kwako, moja kwa mama yake. Ingekuwa ya mmoja tu, asingeugua hivi."

Kwako! Kaambiwa machoni! Akanywea kama kuku aliyenyeshewa. Nikajua leo nimetua mzigo.

Tumefika kwenye korido, mama mkwe kapiga simu. Mimi nimesimama hapo hapo. Hapo hapo, shoga!

"Ndiyo, mama. Wamesema ni ugonjwa wa ukoo wao."

Binti akamvuta shati. "Baba, daktari amesema na wewe."

Akamziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kuongea.