Kibuyu cha Dani na Kichupa cha Mitchelle

Kawangware 46

Dani, nyanya yangu,

Huku tuko salama. Binti yangu Mitchelle alinunua kichupa cha eksosomu, eti ni vijipovu vidogo sana kutoka kwa maziwa lala, apake lile kovu la moto wa Kibera.

Nikasema kama ni lala, itagandisha maziwa. Nikatia tone. Wapi! Yaliharibika tu. Lakini kibuyu ulichonipa, nikibakisha lala kidogo chini na kumimina maziwa mapya, hakijawahi kuniangusha.

Mitchelle alicheka mpaka skafu anayofichia shavu ikaanguka. Hakuiokota.

Jumapili aliimba mbele ya kanisa, kovu wazi. Dani, nilipiga vigelegele peke yangu!

Hiyo skafu sasa inafunika kibuyu chako.

Mjukuu wako,
Jael