Kina cha Kaburi la Maduhu

Kwako Mbuke, Mama Esta,
Nyahanga, Kahama.

Mdogo wangu, mwangaluka. Pokea salamu za kaka yako Bujiku, ambaye sasa ndiye peke yake uliyebakiwa naye. Huo mguu uliovunjika unaendeleaje? Umeanza kuukanyagia, au bado unabebwa kama bibi harusi? Mimi ni mzima. Meno yangu ni yale yale, mahindi ya kuchoma natafuna bila kuomba msaada, ni magoti tu yananisumbua asubuhi. Esta, wewe unayemsomea mama yako, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Soma polepole na usiruke mahali.

Athanas, mtoto wa marehemu, alitaka nikupigie simu. Nimekataa. Kwenye simu wewe husikii, unaitikia ndiyo kwa kila kitu, na mambo haya hayataki ndiyo. Kalamu naiweza. Kwenye kisomo cha watu wazima mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, mwalimu akanipa mche wa sabuni mbele ya watu, naye kaka yetu Maduhu alikuwa benchi la nyuma anasinzia kwa sababu alitoka kupalilia.

Uliuliza tulimzikaje kaka yetu. Nitakueleza, ila kwanza nikukumbushe alikuwa nani, maana Katekista Selestine pale msibani alisema marehemu alikuwa mtu mpole mwenye kupenda watu, maneno ambayo ukimwekea yeyote yanamtosha. Maduhu hakuwa mpole. Alikuwa mkali kwa jembe, mkali kwa magugu, na mvivu alimwona tangu mbali. Watu walisema jogoo wa Maduhu alikuwa anaamshwa na mwenyewe. Unamkumbuka yule ng'ombe wake wa plau aliyempa jina Bwana Shamba? Alimwita hivyo kwa sababu alikuwa anatembea pembeni anaangalia wenzake wakivuta.

Na unakumbuka tulivyolima kwa ngoma, vijana wa mji wetu na wa ng'ambo ya mto, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mwisho nikabaki mimi na Maduhu tu, mimi nikamaliza tuta langu kabla yake. Hilo hakuna anayeweza kuninyang'anya. Asteria, mke wa Maduhu, siku hizi anasema mumewe alimwambia kwamba alinisubiri, ili mdogo wake asiaibike mbele ya wasichana. Mambo ya mjane, mimi namwacha aseme.

Ujanani Maduhu alikwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu msimu mmoja. Akarudi na mitamba wawili na kikohozi, akasema shimo ni kaburi linalokulipa mshahara, na hatalikanyaga tena. Hakulikanyaga. Dhahabu ilipolipuka huku kwetu, Katoro ikajaa watu wa kila kabila, vijana wakaacha pamba ikaliwa na wadudu, yeye alilima tu. Wenye bodaboda walikuwa wakipita wanamwambia, mzee, dhahabu hailimwi. Naye anawajibu bila kuinua kichwa, na hailiwi. Watoto wake wote wamesoma kwa pamba na mpunga. Mke wake hajawahi kununua mahindi ya kula. Sasa niambie, hapa kwetu ni mwanaume gani mwingine utamsemea hivyo, ukiniondoa mimi?

Alikufa pamba ikiwa imefunguka. Alirudi kutoka kuchuma, akakaa kwenye kigoda chake, akaomba maji. Asteria alipotoka na kikombe, kaka alikuwa ameegemea ukuta kama mtu anayesikiliza jambo, kumbe ameshaondoka.

Ubishi ukaanza hapohapo. Athanas na katekista walitaka azikwe kule makaburini kwa kanisa, penye msalaba wa saruji. Nikawaambia mwenye mji hulala kwenye boma lake, ng'ombe wanapita juu yake, kama alivyolala baba. Isitoshe, mwenyewe alishasema azikwe mlangoni mwa boma, kwenye nguzo ile ya mti wa mtundu. Wakakubali. Hapo nilishinda kwa haki.

Lakini Asteria akanivuta pembeni. Akasema, Shemeji, Maduhu aliniambia hivi: mwambieni Bujiku achimbe kina cha kiuno tu, asizidishe, halafu juu yangu mrundike mawe mengi. Mbuke, nilikasirika. Kiuno ni kaburi la mbuzi. Baba yetu tulimchimbia mpaka mchimbaji akatolewa kwa kamba, kwa sababu ya fisi, na kwa sababu ya heshima. Nilimwuliza, tangu lini mwanamke akafundisha watu kuchimba kaburi? Akasema yeye hafundishi, anafikisha alichotumwa. Nikamwambia mgonjwa husema mengi. Akajibu kwamba alipoyasema hakuwa mgonjwa. Nikaondoka, nikaenda kusimama ukingoni mwa shimo, vijana walipofika kina cha kiuno na kutaka kupumzika nikawaambia waendelee, kaka yangu si mbuzi.

Walipozama mpaka kifuani, wakagonga mwamba mweupe. Ukapasuka. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye maduara, ndivyo wanavyoita mashimo yao, akaokota kipande, akakilamba, akakigeuza kwenye jua. Akakitia mfukoni. Mimi nilimwona akikitia mfukoni na sikuelewa, nikamwambia aache kuchezea mawe ya marehemu.

Tukaingia ndani kusali na kula, mwili bado haujatoka. Tulipotoka na jeneza, ule udongo wa kaburi haukuwepo. Ulikuwa umeondoka, Mbuke. Umesombwa kwa mifuko ya sandarusi, na ndoo, mpaka kwa kanga. Waombolezaji walewale waliokuwa wanalia ndio walioupeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, wakausage. Tulibaki na jeneza mikononi na shimo tupu, hatuna cha kumfunikia ndugu yetu. Nilipiga kelele nikainua fimbo, lakini nimpige nani? Kila niliyemwinulia ananiambia, babu, pole kwa msiba.

Wanawake ndio waliotuokoa. Walikwenda shambani kwake kwa mabeseni, wakabeba udongo wa kwenye matuta ya pamba, mstari mzima wanapanda mlima na kushuka, mpaka shimo likajaa. Kwa hiyo kaka yako amefunikwa na shamba lake. Jambo hilo peke yake ndilo linalonipa usingizi.

Sasa sikiliza, Esta usikimbie hapa. Baada ya matanga Asteria aliniita akaniambia kilichokuwa kimefichwa. Maduhu aliujua ule mwamba. Aliukuta miaka ile anachimbia ile nguzo, akauona unavyong'aa, akaurudishia udongo, akajenga boma la ng'ombe juu yake ili samadi ifunike kila kitu. Hakumwambia mtu ila mke wake. Na kuzikwa pale hakukuwa mila peke yake. Alitaka awe kifuniko. Alisema mtu mweusi haogopi polisi wala mbwa, lakini kaburi analizunguka. Ndiyo maana alisema kiuno. Alipima akajua kiuno hakifiki kwenye mwamba.

Aliyeufikia ni mimi. Kuna watu hapa wananinong'ona. Nawaambia heshima ni heshima, na angeniambia mwenyewe ningechimba kiuno. Hakuniambia kwa sababu alijua nabisha. Hilo nimelifikiria sana nikiwa peke yangu, na sijapata pa kuliweka.

Kuna bwana amekuja na leseni. Anasema cha juu ni chetu, cha chini ni cha serikali, na yeye ameruhusiwa. Anataka tumhamishe kaka. Athanas si mtoto mbaya, lakini pamba ya mwaka huu unajua ilivyo, na macho yake hayatulii tena. Mambo ya kufukua mtu hayafanyiki bila shangazi kukubali. Kwa hiyo Mbuke, wakija huko na mbuzi na maneno mazuri, kataa. Kataa hata ukiwa husikii wanachosema.

Ingawa sijui kama kukataa kwako kutasaidia. Kila siku nakaa juu ya kaburi kwenye kigoda cha kaka, na fimbo yangu. Vijana wanapita, wanavua kofia, wananiamkia shikamoo babu, naitikia marahaba, kisha wanazunguka nyuma ya zizi la jirani na kuingia kwenye duara lao. Nao hawagusi kaburi, wana adabu. Wanakuja kwa chini. Tangu juzi, nikitulia, naisikia nyundo ikigonga chini ya kigoda. Mwanzoni nilidhani ni moyo wangu. Nimewapigia fimbo ardhini wanyamaze. Wananyamaza kidogo, halafu wanaendelea.

Asteria anakusalimu, Athanas naye anakusalimu ingawa hajui ninaandika nini. Usimwage machozi juu ya mguu, utachelewa kupona. Barua hii nampa kondakta wa basi la Kahama, nimemwambia ni ya mzee Bujiku asiikunje.

Ni mimi kaka yako mwenye nguvu bado,
Bujiku.