Pumba za Kuku

Jumatatu, 6 Machi 1950. Nachingwea, kambi ya mashamba ya karanga.
Mvua, tope, trekta. Nimerudi hoi. Chai ya sukari, wali. Posho yangu ya mahindi na kunde nimebadilisha tena kwa mchele. Dereva hali chakula cha vibarua. Bi Somoe, anayenitwangia, kaleta mchele bado una wekundu. Nimemrudishia autwange tena mpaka uwe mweupe. Pumba nimewamwagia kuku wangu. Wamenona kweli.
Nyayo zinawaka moto. Buti hizi mbovu.

Alhamisi, 23 Machi.
Buti mpya, moto ule ule. Sasa na ganzi, mpaka vifundoni. Nakanyaga klachi sijui kama mguu umefika. Lazima nichungulie. Naogopa.

Jumapili, 2 Aprili.
Nimeyumba mbele ya wenzangu. Wamesema nimelewa. Nimewaacha wacheke, afadhali mlevi kuliko mgonjwa. Nikisema, nateremshwa trekta, na nyumba ninayomjengea mke wangu Zainabu kule Ruangwa itabaki kuta. Nikinyamaza, nitaua mtu. Sina pa kutokea.

Ijumaa, 14 Aprili.
Mguu umekosa klachi. Trekta limeendelea, na Hamisi, msaidizi wangu, alikuwa mbele akiondoa kisiki. Karuka. Kofia yake imesagwa. Nimeteremka mwenyewe.

Jumatano, 19 Aprili. Hospitali.
Dresa, mganga msaidizi, kanigonga goti. Mguu haukuruka. Akauliza nakula nini. Wali. Na nini? Chai. Karanga je, kunde? Nikamwambia mimi ni dereva.
"Na pumba za huo mchele?"
Nawapa kuku.
"Basi kaka, dawa yako wanakula kuku."
Anasema ni beriberi. Mishipa ya fahamu imekosa vitamini, na vitamini ndiyo hiyo tunayoitwanga na kuipepeta. Tumbo limeshiba, miguu imekufa njaa. Katikati ya mashamba ya karanga! Nina hasira na kila mtu, na Bi Somoe hana kosa.
Kanidunga sindano. Hakuniahidi kitu.

Jumamosi, 6 Mei. Ruangwa.
Nimeshuka kwenye lori na tenga la kuku. Shemeji kanibeba mgongoni watu wakitazama. Trekta kapewa Hamisi. Zainabu kaniwekea uji wa mtama na karanga, kasimama mpaka nikamaliza. Kuta zipo, bati hakuna. Hata chooni napelekwa. Nawachukia wanaonionea huruma.

Jumatano, 17 Mei.
Uji. Kunde. Uji. Mkeka huu naujua kila ukindu.

Jumapili, 11 Juni.
Asubuhi nimebangua karanga uani. Kuku mmoja wa kule kambini kaja kunidonoa kidole cha mguu. Nilimwona tu, sikuhisi kitu. Nikamwacha, nimfukuzie nini? Akadonoa tena. Mara ya tatu, kwa mbali sana, kikauma.
Nikamwita Zainabu. Katoka mbio na ungo mkononi, kadhani nimeanguka. Akataka kumfukuza kuku. Nikamwambia amwache.