Kabla Hujanipandisha Jukwaani

Mwanangu Kemar,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ulikijua kwa kukaripiwa, na leo wa kukaripiwa ni mimi. Naichapisha barua hii katika jarida la kanisa letu hapa Aston, Birmingham, kwa sababu meneja wako hapokei simu, na kwa sababu hapa ndipo nilipouacha uongo wenyewe ukanawiri.

Ulifika kwangu ukiwa na miaka kumi na minne, mtoto wa Jamaika aliyefukuzwa shule mbili, nami mlezi mgeni wa ofisi ya ustawi wa jamii, mwenye cheti na kitabu cha maelekezo. Kitabu hakikusema lolote kuhusu mtoto anayejifungia kabatini kurap katikati ya magauni yangu ya kitenge. Nilipokuamuru utoke ulijibu, "Anti, huku sauti iko clean." Polisi walikurudisha mara tatu. Mara ya tatu yule askari alijitengenezea chai mwenyewe, sukari alijua ilipo. Mchungaji alikuombea saa nzima, ukamtazama kwa makini nikadhani umeokoka. Kumbe ulikuwa unasoma anavyovuta pumzi. Leo nyimbo zako zinapigwa kila duka na mchungaji anadai ni mwalimu wako.

Juzi ulisema redioni kwamba wote walikukatia tamaa isipokuwa mimi, na kwamba Jumamosi utanipandisha jukwaani Birmingham nzima inione. Akina mama wameshashona sare. Mimi sijashona.

Kemar, si ofisi ya ustawi iliyoamua uhamishiwe kwa walezi wengine kule Great Barr. Ni mimi. Ulipovunja mlango wa jirani niliwapigia simu nikasema, "Huyu mtoto amenishinda. Mchukueni." Ukiingia garini ulinibembeleza nisilie, ukasema unajua nilikutetea. Nikanyamaza. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano nikapiga nikiomba urudishwe, wakasema umeshapata kwingine. Nilipiga hadi Ijumaa. Wewe ukaendelea kuja Jumapili kula chapati, nami nikaendelea kunyamaza huku kanisa zima likinisifu.

Naona aibu, na ninakupenda. Jumamosi nitakuja, uniite usiniite. Lakini ukiniita, waambie kwamba hata mimi nilichoka nawe. Halafu unishike mkono, magoti yangu na ngazi hayapatani.

Ni mimi mama yako, ukiondoa ile Jumanne.