Saa Nne Asubuhi, Siku ya Ndoa Yangu

Keko, Jumamosi 14 Machi 1998

Mwezi uliopita ndoa yetu ilikuwa saa nne asubuhi, Hamadi wangu akaja saa tano. Shehe anasubiri, shangazi ananikata jicho: "Bwana harusi kaingia mitini!" Baadaye Hamadi aliapa kwamba fundi wa kanzu ndiye aliyemchelewesha. Nikaamini.

Leo kanipeleka ofisini kwake anionyeshe anavyotunza mipangilio ya kompyuta zake tatu. Akibadilisha kitu kwenye moja, anakibeba kwa diski hadi nyingine, na mashine inahifadhi kila badiliko pamoja na siku, saa na maelezo yake. Macho yangu yakatua kwenye siku ya harusi yetu. Saa nne asubuhi!

"Hamadi! Mie nimekaa na hina mikononi nalia, kumbe wewe uko huku?"

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mke wangu. Soma maelezo."

Sikutaka. Uongo siku ya kwanza, je, miaka ijayo...

Nikasoma: "Salamu mpya, mashine zote tatu."

Akazima kompyuta, akaiwasha upya. Kwenye kioo cheusi yakatokea maneno: "Karibu, mume wa Saida." Jina langu!

"Nilizunguka zote na diski," akasema. "Nilitaka zijue nimeoa, siku ile ile."

"Na wenzako wanaiona?"

"Ndilo jina langu hapa. Hata bosi ananiita hivyo."

Nimemwambia uongo wa fundi sijausamehe. Kisha nikamwomba aizime na kuiwasha tena. Mara tatu.