Divai Uliyokataa Kuionja

Mdogo wangu Eliamani,

Ile divai nyekundu uliyoniletea kutoka Dodoma sikuimwaga, kama nilivyowaambia watu. Niliificha kwenye pipa la mahindi, baadaye nyuma ya vitabu vyangu vya ualimu, miaka yote hiyo kizibo hakikuguswa. Nakuandikia sasa kwa sababu moyo wangu umechoka, na daktari ameshaacha kunifariji.

Unakumbuka ulivyoshuka basi pale Maji ya Chai, ukapanda mlima kwa miguu na chupa umeiviringisha kwenye sweta? Ilikuwa divai ya kwanza uliyoichanganya mwenyewe.

"Kaka, humu mna zabibu za aina tatu," ulisema. "Makutupora inatoa rangi, shirazi inatoa pilipili."

"Na ya tatu?"

"Hiyo ni siri ya pishi." Ukacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuambia uonje kwanza, kama tulivyolelewa: anayeleta kinywaji hupiga funda la kwanza mbele ya aliyeletewa, ijulikane hakina sumu. Ukakataa.

"Nikiifungua leo nimeiharibu. Bado ina ukakasi. Ilaze itulie, halafu utaniambia."

Nikajiuliza: ni mtu gani analeta kinywaji asichotaka kukigusa, tena anataka kinywewe yeye akiwa mbali?

"Kama huniamini, Kaka, sema."

Niliisogeza chupa pembeni mwa meza. Ukaondoka bila kula. Tangu hapo hukulala tena kwangu. Hata tulipomzika mama, ulisimama ng'ambo ya kaburi, ukawahi basi.

Jumapili iliyopita nilimwomba binti yangu Neema aifungue.

"Baba, na dawa zako hizi?"

"Onja wewe kwanza."

"Yaani nitangulie kufa mimi! Wewe hata mchungaji akikupa kikombe cha Bwana utamwambia aanze yeye."

"Huwa namtazama," nikamjibu.

Alikunywa, akakunja uso, akanywa tena. Nilimchunguza mpaka chai ya jioni. Alikuwa anaimba jikoni.

Ndipo nikanywa mimi. Ilikuwa nzito, nyekundu ya kukaribia weusi. Ilianza kama zambarau iliyoiva hadi kupasuka, kisha pilipili manga ikauma pembeni mwa ulimi. Nikasema, haya, hiyo ni shirazi. Ukakasi ukafuata, kama wa ndizi mbichi, ila umelainika: unaukamata ulimi na kuuachia taratibu. Chini ya hayo yote kulikuwa na kitu nisichokijua, kama moshi, kama ngozi mpya, kitamu na kichungu kwa pamoja. Nikatema. Ndicho hicho, nilisema, ndiyo ile ya tatu. Nikasubiri tumbo linikate.

Tumbo likakaa kimya. Funda la pili nililimeza kwa hasira, la tatu kwa tamaa. Ni divai nzuri, mdogo wangu. Haimbembelezi mtu. Inakuja kifua mbele na kukaa mdomoni muda mrefu baada ya glasi kuwa tupu, na nilipoitafuta hila ndani yake sikuiona.

Lakini Neema aliuliza jambo ambalo halijaniacha nilale vizuri. "Kwani Baba Mdogo alikuwa na sababu gani ya kukuua?"

Nilimjibu ni mambo ya zamani, akanitazama kama ninavyomtazama mchungaji.

Hukuwa na sababu yoyote uliyoijua, Eliamani. Mimi niliijua, nikadhani nawe umeshaigundua, na kila ulichonishikisha mkononi nilikiona kisasi. Kama barua hii itakukuta ningali hai, njoo. Ukinikuta nimeshalala, mwulize Neema akuonyeshe, nitakuwa nimemwambia. Buriani, mtoto wa mama yangu.

Mwaka ule ulipokwenda Dodoma kutafuta kazi, niliyang'oa masale yaliyooteshwa kwenye mpaka wa mashamba yetu nikayapanda upya ndani ya shamba lako, na kahawa ninayovuna upande ule ni yako.

Kaka yako