Namba ya Kumfurahisha Kaka

Kaka,

Tangu uhame nimerithi tangi lako la samaki wa baharini pale hotelini, na ufundi wako nimeuona. Kipimo cha asidi kilisoma vizuri kabisa huku samaki wakihema juu ya maji. Nikakichovya kwenye maji maalumu ya kukirekebishia, ambayo asidi yake ni saba kamili, kikasema nane bila haya. Meneja akaniambia, "Kaka yako alikuwa anakichovya humuhumu tangini, halafu anabonyeza mpaka namba imfurahishe." Chupa za kurekebishia nimezikuta kabatini, hujafungua hata moja. Fundi mzima. Nimefunga kipimo kipya, nimekirekebisha inavyotakiwa, na samaki waliobaki wanakula.

Nyumbani paka amezaa. Bati la jikoni bado linavuja, lile ulilosema umeliziba.

Mama alianguka Jumanne. Daktari anasema moyo umemsumbua mwaka mzima. Nilipomuuliza mbona alinyamaza, alisema kila ulipompigia ulimwambia, "Sema hujambo, mama, nina haraka."

Leo nimemuuliza hapa wodini nikuandikie nini. Anasema hajambo.

Mdogo wako